Swali la Tatu la Bi Nakijwa

Kingabandia, mashine ya kupimia dawa, ilikuwa haijawahi kukosea. Ndani ya mirija yake ya kioo ziliishi chembe nyeupe za damu za watu elfu kumi, zikitunzwa katika joto la mwili. Dakta Salome Kihiyo alipodondosha maji ya mizizi ya mti wa msangule, chembe hizo ziliamka na kuongezeka mara nne kwa dakika kumi na moja. Ukumbi wa taasisi, pale Dodoma, ukalipuka kwa makofi. Walijipongeza weee, utadhani wao ndio walioupanda mti ule.

Mti ulitoka milima ya Upare, kwa mganga aliyeitwa Bi Nakijwa. Ripoti ilimtaja ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Ndiyo ilikuwa desturi yao: mti waliuchukua, akili ya mwenye mti wakaiacha mlimani. Baada ya miezi minne vidonge vilijaa madukani, na tangazo likisema: kinga kwa kila mtu.

Kila mtu! Yonazi, mdogo wake Salome, alivimeza siku tisa mfululizo kwa kuwa dada yake ndiye aliyevitengeneza. Siku ya kumi akalazwa, uso umevimba. Mwili wake ulikuwa unaishambulia figo aliyopandikizwa miaka sita nyuma.

Bi Nakijwa alisikia redioni habari za wagonjwa wa namna hiyo. Akapanda treni, akaingia maabara bila kubisha hodi.

"Shikamoo, Bi."

"Shikamoo yako kaa nayo! Ulipokuja kwangu nilikuuliza maswali mangapi kabla sijachimba mzizi?"

"Matatu."

"La tatu lilikuwa lipi?"

Salome akageukia kompyuta yake.

"Si ulinirekodi? Fungua tusikie!"

Akafungua. Sauti ya bibi ikatoka, tulivu: "Mwilini mwako kuna kiungo ulichopewa na mwenzako? Kama kipo, dawa hii usiiguse. Inafukuza kila mgeni."

Kisha kikasikika kicheko, na kilikuwa cha Salome mwenyewe. Kwenye rasimu ya ripoti, kando ya maneno hayo, alikuwa ameandika: imani za wenyeji, ziondolewe. Kingabandia nayo isingeweza kumsahihisha, maana wale elfu kumi wote walichaguliwa wakiwa wazima wa afya.

"Unadhani swali lile niliota?" Bi Nakijwa aliuliza kwa hasira. "Nililipata, mwanangu, kwa kumzika shemeji yangu, aliyeinywa dawa hii akiwa na figo ya kupewa. Wewe nilikupa bure, ukacheka."

Alasiri ile Salome alimkuta Yonazi amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo ilikuwa imekufa.

"Dada," alisema kwa shida, "hivi kweli hakukuwa na mtu aliyejua?"

Salome alishika ukingo wa kitanda.

"Alikuwepo," akasema. "Alituambia. Nikamfuta."