Mayai ya Boran Kifuani

Machinjioni asubuhi huwa hakuna mwanamke mwenye koti jeupe. Kwa hiyo Scholastika, mtafiti wa chuo kikuu, alipoingia na koti lake, buti za mpira, kitambaa chekundu kichwani na chupa ya chai mkononi, wachinjaji na wenye bucha waligeuka kumtazama, kisha wakarudi kwenye kelele zao. Aliyebaki kinywa wazi ni Ignas. Huyu alikuwa kijana wa Matombo. Kiwanda alichofanyia kazi kilipobinafsishwa akapunguzwa, akafungua bucha mtaa wa Mji Mpya. Nyama aliijua. Wanawake, masikini, hakuwajua kabisa.

"Kaka, yule ng'ombe wa Boran ni wako? Naomba ovari zake."

"Ndiyo nini hizo, dada?"

"Vifuko vya mayai."

Ignas akacheka. "Kumbe ng'ombe wa chuo kikuu wanataga!"

"Hawatagi, bwana. Kila jike anayo mayai tumboni, hata mama yako. Mimi nayatoa, nayakomaza kwenye kasha la joto, nayachanganya na mbegu za dume. Nataka kujua ya Boran na ya ng'ombe wa kienyeji, yapi yatarutubika vizuri."

"Na mwenye mayai ameshachinjwa?"

"Ameshachinjwa."

Ignas hakuelewa hata nusu. Lakini ovari alizitoa mwenyewe, akazitumbukiza kwenye ile chupa ya chai, kumbe ina maji ya chumvi ya uvuguvugu, taratibu, kama mtu anayemmiminia mkwe togwa. Tangu siku hiyo hakuna jike aliyechinjwa bila Scholastika kuwekewa zake, na mapenzi nayo yakaingia humohumo. Wakati huo simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Ignas alisimama kwenye kibanda cha simu na kadi yake, akapiga ya ofisini kwa Scholastika.

"Halo, laazizi?"

"Ignas! Sekretari yupo hapa."

"Msalimie. Mwambie usingizi sipati."

"Mwambie mwenyewe." Akacheka. "Jioni tukale chipsi Msamvu. Vaa shati la bluu, usije na lile la damu."

Jioni Scholastika alikuja amependeza, gauni la maua na marashi ya karafuu, halafu katikati ya kula akaruka: saa ya mayai imefika! Ignas akabaki na kuku wake, akilionea kasha wivu. Je, msichana huyu alimpenda yeye, au alipenda ovari zake za bure? Aliwaza hadi kichwa kikamuuma, na jibu hakulipata.

Siku ya kujua ikafika. Kwa Waluguru, mjomba ndiye mwenye neno zito, na Mjomba Fidelis alikuwa ametuma salamu: Jumamosi nashuka mjini na posa, muulize binti kabla sijafika. Ijumaa mchana Ignas akavaa shati la bluu, akapanda chuoni.

Umeme ulikuwa umekatika. Ulikuwa mwaka wa mgao. Akasukuma mlango wa maabara. Scholastika alikuwa amesimama dirishani, koti limefunguliwa, na nyuma yake fundi wa maabara, Paulo, anamkaza khanga kifuani.

Ignas akajilazimisha kutabasamu. "Mpenzi, mjomba anakuja kesho kukuposa. Niambie neno." Akatanua mikono, akamsogelea.

"Usiniguse!" Scholastika akarudi nyuma, macho yamemtoka. "Ignas, usinisogelee!"

Paulo akaangalia chini. Ignas akageuka. Akasikia "Ngoja!" lakini hakusikia miguu ikimfuata. Mtu anayekupenda hukukimbilia, alijiambia, na moyo ukamchoma vibaya.

Asubuhi mjomba alikuta bucha imefunguliwa na mwenye bucha amevimba macho.

"Rudi Matombo, mjomba. Sitaki tena."

"Mwipwa wangu, mimi mtu mzima. Nikirudi na mkoba huu wa posa, sitaushusha tena kwa binti huyo. Una hakika?"

Ignas alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema hapana. Mzee alikuwa ameshaupachika mkoba begani alipoingia Scholastika, koti limekunjamana, amejaa jasho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Akamgeukia Ignas. "Kasha lilizima. Mayai yaliyokuwa yamesharutubika, kazi yangu ya miezi yote, yangekufa kwa baridi. Nikayaziba kwenye vichupa, Paulo akanifungia kifuani nilipo na joto. Nilikaa nayo hivyo mpaka umeme uliporudi. Ungenikumbatia, ungevunja vyote."

"Na hukunikimbilia..."

"Ningekimbiaje na vichupa vya kioo?" Machozi yakamtoka. "Nilikuita."

Ignas alitazama meno ya msumeno wake wa kukatia mifupa. Aibu ilimshika, furaha ikamshika, hakujua aanze na ipi.

"Yalipona?" akauliza.

"Ya Boran. Asubuhi hii yamegawanyika, yanakua."

Mjomba Fidelis aliwatazama wote wawili. "Binti, mimi naondoka au nakaa?"

Scholastika akaushika ule mkoba, akautoa begani kwa mzee, akauweka juu ya benchi. "Kaa unywe chai, mjomba. Baba yangu yuko Ifakara, na posa haipokelewi buchani."

Ignas bado alikuwa haelewi. "Kwa hiyo... umekubali?"

"Nilikubali jana, ulipotaja mjomba," alisema. "Wewe ndiye uliyeondoka bila kungoja jibu."