Ndala Zinazotazama Maji

Mimi ni fundi baiskeli. Siamini sana maneno ya watu, naamini mnyororo na mafuta: ukiupaka utazunguka, usipoupaka utalia. Haya ninayosimulia yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na sehemu ya mwisho niliifanya mimi kwa mkono wangu huu. Anayetaka kucheka acheke, ila asije kunishauri.

Dada yangu anafanya kazi duka la dawa. Ni mtu wa kuhesabu vidonge na kuhesabu watu: nani kapata nini, nani kampita nani. Tulipokuwa wadogo, mama akikata mkate, yeye alikipima kipande changu kwa macho kabla hajala chake. Namsema kwa upendo. Alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na mwanya, na sisi wa nyumbani tulishauzoea.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mshona nguo tuliyemwita Cherehani, kwa kazi yake na kwa miguu yake, maana akishapanda baiskeli haikuwa na kusimama. Walikuwa chanda na pete. Mwaka ule walijiandikisha kwenye mashindano marefu ya michezo mitatu: unaogelea karibu kilomita nne, unapanda baiskeli kilomita mia na themanini, halafu, ukiwa bado na akili zako, unakimbia kilomita arobaini na mbili. Yote siku moja. Niliwauliza wanamkimbia nani. Dada alinikata jicho.

Mazoezi ya kuogelea waliyafanya kwenye bwawa la maji ya mji, alfajiri, kabla ya kazi. Pale palikuwa na mtu wa mitambo, Bwana Pampu, na Bwana Pampu alikuwa na sheria yake. Saa moja kamili aliwasha pampu kubwa ya kuvuta maji kwenda kwenye matangi, na ikivuta, mtu asiwemo. Asubuhi ukungu hufunika bwawa lote, huoni hatua ishirini mbele yako, kwa hiyo aliweka utaratibu wa ndala. Ukiingia majini, unaziacha ndala zako juu ya ukuta, ncha zikitazama maji. Ukitoka, unazigeuza zitazame barabara kabla hata hujajifuta. Ndala za mwenzako huzigusi. Wakati wa kuwasha ukifika, Bwana Pampu hatazami maji, anatazama ukuta.

Na wao wawili walikuwa na desturi yao ndani ya ukungu. Aliye nyuma humgusa wa mbele unyayo kwa ncha za vidole, mara moja, kisha tena, kumwambia nipo.

Cherehani alikuja hajui hata kuelea. Dada ndiye aliyemshika mgongo, akamfundisha kupumua, akamfundisha kupiga miguu. Mwezi wa tano, Cherehani akampita. Alimpita majini, akampita kwenye baiskeli, akampita kwa miguu, tena huku anacheka na kumsubiri mbele, jambo ambalo nadhani liliuma kuliko kupitwa kwenyewe.

Dada alikuja karakana kwangu akawa anazungusha pedali ya baiskeli ya mteja bila sababu.

"Nimemfundisha mimi," alisema. "Kila kitu."

Nilimwambia mwalimu mzuri ni yule anayepitwa na mwanafunzi. Hakusema nami siku mbili.

Jumamosi moja aliogelea kama hajawahi kuogelea. Alitoka akihema, amefurahi, akageuza ndala zake, akajua leo kamwacha Cherehani nyuma. Ndipo aliposikia sauti ikitoka kwenye ukungu, inacheka: Cherehani alikuwa amemaliza zamani na sasa anaongeza mzunguko mmoja, wa raha tu.

Dada alisimama pale maji yakimchuruzika. Akazitazama zile ndala nyekundu za rafiki yake, ncha zikitazama maji. Akazigeuza.

Aliniambia baadaye kwamba alitaka ashtuke tu. Asikie pampu ikinguruma, aogope, atoke mbio, apunguze kujiona. Lakini aliniambia pia kwamba alipanda baiskeli bila kusubiri, na pampu ilipowaka nyuma yake, hakugeuka. Hilo la pili ndilo lililomtoa machozi.

Siku hiyo alihesabu vidonge mara tatu tatu na bado akakosea. Saa sita akafunga duka, akaenda kwenye kibanda cha ushonaji. Kabla hajafika akasikia cherehani inakwenda. Rafiki yake alikuwa ameinama juu ya kitambaa, mzima wa afya. Dada aliegemea mlango akalia kama mtoto.

"Umeniacha," Cherehani alisema bila kuinua kichwa.

Dada akaomba radhi, akasema alichelewa kazini. Ndipo alipoona nywele za mwenzake. Ilikuwa saa sita, jua kali, na nywele zilikuwa zinadondosha maji kwenye kitambaa. Miguu iliyokanyaga cherehani ilikuwa peku.

"Ndala zako ziko wapi?"

"Zipo ukutani. Zinatazama nyumbani, ndiyo maana nimerudi."

Tangu siku hiyo Cherehani hakumpita dada yangu tena. Kwenye baiskeli walikuwa na kawaida ya kupokezana kukata upepo, huyu mbele kidogo, kisha yule. Sasa alikaa nyuma tu. Kwenye mbio alikaa nyuma. Majini alikuwa nyuma, akigusa unyayo, mara moja, kisha tena. Na ndala nyekundu zilibaki juu ya ukuta, hazivai, hazigusi.

Nisidanganye, dada alifurahi. Walikwenda kwenye mashindano madogo ya kujipima, akamaliza wa kwanza, Cherehani wa pili, hatua moja nyuma yake. Alitembea na ile medali wiki nzima, hata dukani akahesabu vidonge ikiwa shingoni. "Amejua nafasi yake," aliniambia. Lakini siku ileile, akiwa anaondoka, alisimama mlangoni akaniuliza kama nimewahi kukimbia na mtu kilomita thelathini nisisikie anahema.

Wiki hiyo Cherehani aliniletea baiskeli yake. Gurudumu zito, alisema. Nilipochomoa bomba la siti, maji yalimwagika kutoka ndani ya fremu, nusu ndoo, meusi, yenye harufu ya matope. Nikayakausha, nikapaka grisi, nikamwambia asiioshe baiskeli kwa kuizamisha. Baada ya siku nne akairudisha. Nikachomoa, maji yaleyale. Nikabonyeza vali ya tairi nitoe upepo. Palitoka maji.

Nikamtazama. Alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, mikono magotini, anatabasamu. Chini ya stuli palikuwa pamelowa.

Kesho yake mama yake Cherehani alikuja karakana. Alifunga mlango mwenyewe. Alizungumza kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa peke yetu.

"Mwanangu, mimi nimelala chumba kimoja na binti yangu miaka yote hii. Anakoroma. Anakoroma mpaka majirani wanajua. Huyu hakoromi." Alitazama tena mlango. "Nimeweka sikio kifuani kwake. Huyu hapumui."

Nilifunga karakana nikaenda moja kwa moja kwa dada. Nilimkuta amekaa sakafuni nyuma ya kaunta, ameikumbatia miguu yake, anasugua nyayo kwa taulo. Alisema zinaguswa hata akiwa nchi kavu. Ndipo akaniambia habari ya ndala. Nilimuuliza swali moja tu: kama aliyerudi si Cherehani, Cherehani yuko wapi?

"Unajua alipo," alisema dada.

Alfajiri tukaenda. Ukungu ulikuwa mzito. Bwana Pampu tulimkuta anasafisha chujio la pampu, na alikuwa na la kulalamika. Wiki ya sita sasa, alisema, kila asubuhi chujio linaziba. Akatuonyesha alichokitoa. Nyuzi. Nyuzi za kushonea, nyekundu, bluu, nyeupe, zimesokotana na nywele.

Ndala nyekundu zilikuwa ukutani, zikitazama barabara. Dada alizishika kwa mikono miwili. Akazigeuza, ncha zikatazama maji.

"Yumo ndani," alimwambia Bwana Pampu. "Niliongopa. Usiwashe."

Bwana Pampu aliutazama ukuta, akatia ufunguo mfukoni.

Tulisikia miguu peku barabarani. Inakuja taratibu. Yule aliyekuwa anakaa kibandani, aliyekuwa anakaa kwenye stuli yangu, alitokea kwenye ukungu, amelowa. Alipita katikati yetu. Baridi yake ilinipiga shavuni. Hakututazama. Aliingia majini, na maji hayakutoa sauti.

Tukasubiri. Hakuna aliyetoka.

Dada akavua ndala zake za bluu. Akaziweka kando ya zile nyekundu, ncha zikitazama maji. Nilimshika mkono, akautoa.

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Nitamtoa mimi." Hata pale, nawaambia, kulikuwa na majivuno kidogo kwenye sauti yake, na nilimpenda kwa hayo. Kisha akaniambia, "Usiguse kitu."

Mimi sijui kuogelea. Nilisimama ukutani nikihesabu. Nilifika mia tatu. Nilifika mia sita. Bwana Pampu alikuwa anaomba chini kwa chini.

Kikatokea kichwa. Cherehani. Anakohoa, anahema, anatema maji, anahema kwa kelele kama mtu aliye hai, na alipofika ukutani akasema, "Leo umeme umefanya nini, mbona pampu imewaka mapema?" Kwake yeye ilikuwa bado ile Jumamosi. Alisema kuna mtu alimshika unyayo kutoka chini, akamsukuma juu. Bwana Pampu akamfunika taulo. Vidole vya Cherehani vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, hawezi hata kugeuza ndala zake, akaniomba nimgeuzie.

Sasa nisikilizeni vizuri. Fundi baiskeli hakazi nati moja. Gurudumu lina nati mbili. Ukimaliza ya kulia, mkono unakwenda wenyewe kwenye ya kushoto, hauulizi. Miaka kumi na minne mkono wangu umefanya hivyo. Nilikuwa nalia kwa furaha. Niligeuza zile nyekundu. Na mkono ukaendelea.

Nilipotazama, ndala za bluu zilikuwa zinatazama barabara. Nikazirukia nizirudishe.

Mkono mwingine ulinitangulia. Umelowa. Wa baridi.

"Umeshanigeuzia," alisema dada yangu, amesimama ukutani, wala sikuwa nimeona anatoka. "Ahsante, mdogo wangu."

Yule wa kwanza, aliyerudi badala ya Cherehani, aliziacha ndala ukutani, ndiyo maana tuliweza kuzigeuza. Huyu alizivaa.

Ni mwezi wa nane sasa tangu siku ile. Hajazivua, hata kitandani. Anakwenda kazini, anahesabu vidonge na hakosei. Cherehani alimaliza yale mashindano marefu, dada akamaliza hatua moja nyuma yake, na watu wote walishangilia urafiki ule. Nilimwona akimvisha mwenzake medali kwa mikono yake. Alitabasamu. Hakuitazama medali mara ya pili.

Cherehani anakoroma, mama yake ana furaha, na sijawaambia. Baiskeli ya dada nimeitundika ukutani karakana, nikasema inasubiri kifaa. Kila asubuhi kuna maji sakafuni chini yake.

Bwana Pampu alikataa kuwasha pampu tangu siku ile. Wakamhamisha. Wameleta kijana mwingine, mchapakazi, hajui habari ya ndala, naye anawasha saa moja kamili. Nyumbani kwetu mngurumo wake unasikika. Wakati huo tunakunywa chai. Jana mama alikata mkate, akanipa mimi kipande kikubwa, makusudi, kama alivyokuwa akifanya zamani kumchokoza. Dada hakupima. Alikisogeza na kile chake mbele yangu, akasema, kula. Mama alicheka, akasema binti yake amekua. Pampu ikanguruma. Nikainamia chai yangu ili wasinione uso.

Mchana nilikwenda bwawani peke yangu. Jua lilikuwa linachoma, ukuta wote mkavu, unaunguza. Isipokuwa pale dada alipoweka ndala zake. Pana alama mbili za maji, saizi ya mguu wake, ncha zikitazama bwawa. Nilizifuta kwa shati langu. Nikasimama nikatazama. Zilirudi taratibu, ya kulia kwanza, kisha ya kushoto.