Cheti cha Kaari

Likizo ya Aprili, kazi ya Karambu ilikuwa kuchambua viazi. Vikubwa aliviweka kwenye gunia la kuuza, vidogo kwenye kikapu cha nyumbani. Mama yao, Karwirwa, alichimba mbele, naye Kaari, dada mkubwa wa Karambu, alifuata akiokota. Lakini wiki ile Kaari hakutulia. Aliokota viazi vitatu, akasimama, akatazama simu, akaenda hadi ukingo wa shamba na kurudi mikono mitupu.

"Hata ukizunguka Kibirichia yote, kutembea hakutaleta cheti," Mama alimwambia.

Kaari alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi cha serikali. Alitakiwa kufika tarehe tano Mei akiwa na cheti chake halisi cha kidato cha nne, na cheti hicho hakuwa nacho. Mwaka uliotangulia alijiunga na chuo kimoja cha binafsi mjini Embu. Siku ya kwanza wanafunzi wote waliambiwa watoe vyeti halisi, eti vitunzwe. Muhula mzima ulikwisha bila mwalimu wa somo alilolifuata, basi Kaari akaondoka. Hakudaiwa chochote. Hata hivyo, kila alipokwenda kuomba cheti chake, aliambiwa kwamba vyeti hupewa wanaomaliza kozi tu.

Karambu alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliona vibaya kukaa bure huku dada yake akikonda kwa mawazo. Jumanne alimsindikiza Mama sokoni Gakoromone. Mama alipokuwa akipanga viazi, Karambu aliponyoka hadi duka la fotokopi la binamu yao, Mwongera. Mfukoni alikuwa na nakala ya cheti cha Kaari, aliyoitoa sandukuni bila kuomba ruhusa.

Mwongera alisikiliza shida ya Kaari, akaiinua ile karatasi kwenye mwanga. "Niachie. Karatasi nzito ninayo. Alhamisi nitakupa cheti ambacho hakuna atakayekishuku. Ila usimwambie mtu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomharibia Karambu siku. Kama ni msaada, kwa nini ufichwe? Jioni chai ilimshinda. Kesho yake shambani alichanganya viazi vikubwa na vidogo mpaka Mama akamuuliza kama anaumwa. Kila mbwa alipobweka, alidhani askari wanakuja. Saa nane mchana alimfuata Kaari kisimani.

"Dada, nimefanya jambo baya," alisema, kisha akamweleza yote.

Kaari aliweka mtungi chini.

"Vaa viatu," Kaari alisema. "Twende sasa hivi."

Mwongera alikuwa tayari amechapisha karatasi moja. Kaari aliichukua, akaipasua vipande vidogo mbele yake, akachukua na nakala aliyoiacha Karambu.

"Nilitaka kuwasaidia tu," Mwongera alisema, macho chini.

"Najua. Lakini mimi nina cheti changu, Mwongera. Sihitaji cha uongo."

Jioni Mama alimpigia simu Nelius, karani wa mahakama mjini Embu na mke wa mjomba wao. Nelius aliomba azungumze na Kaari mwenyewe.

"Jina lililo kwenye cheti hicho ni la nani?"

"Ni langu, Anti."

"Basi ni chako. Uliwapa wakutunzie. Chuo hakina haki kisheria kukizuia. Ulipokiomba, uliandika?"

"Nilisema kwa mdomo."

"Kwa mdomo watakana. Andika barua. Taja tarehe uliyowapa cheti na namba yake. Namba iko kwenye nakala yako. Wape siku saba. Waeleze kwamba wakikataa utapeleka malalamiko ofisi ya elimu, na ikibidi mahakamani. Chapisha nakala mbili, wakugongee mhuri kwenye moja ubaki nayo kama ushahidi kwamba wameipokea."

Ijumaa, dada wawili walisimama mbele ya msajili wa chuo kile cha Embu, Bwana Mbogo. Aliisoma barua, akaitupa kwenye trei.

"Sawa. Mtaitwa."

Kaari aligeuka kuondoka. Karambu hakusogea.

"Samahani, Bwana," alisema. "Bado hujatugongea mhuri kwenye nakala yetu."

Bwana Mbogo alimtazama yule mtoto, akatazama barua tena, safari hii polepole. Akavuta mhuri na kugonga.

Siku zilizofuata hazikupita, zilijikokota. Kaari aliosha vyombo vilivyo safi. Karambu alihesabu siku kwenye kalenda ya kanisa, akazihesabu tena kana kwamba zingepungua. Siku ya sita, simu ililia wakiwa shambani. Kaari aliisikiliza akiwa amesimama kwenye mtaro, udongo hadi vifundoni.

"Wanasema niende kukichukua," alisema, akaketi palepale juu ya gunia.

Walikwenda wote watatu. Kaari alikagua jina, namba na mhuri wa baraza la mitihani kabla ya kutia sahihi kwamba amekipokea. Kisha wakapita kwa Nelius kumshukuru. Karambu aliona haya, lakini akamsimulia habari za duka la fotokopi, maana hakutaka shukrani asizostahili.

Nelius alimmiminia uji.

"Ulifanya vizuri kusema mapema," alisema. "Chuo cha uuguzi hukagua kila cheti kwa baraza la mitihani. Mngepeleka cha bandia, chuo kile kilichowakosea kingebaki bila kosa, na mwenye kosa angekuwa Kaari. Mtu mwenye haki asiiibe haki yake mwenyewe, Karambu. Aidai mchana, kwa jina lake, kwa maandishi."

Tarehe tano Mei, Kaari aliripoti chuoni saa mbili kasorobo asubuhi. Karani alikichukua cheti chake, akakitolea nakala, kisha akamrudishia.

"Hiki kaa nacho mwenyewe," alimwambia.