Aliyepokea Zamu

Sista alirudi nyumbani jioni, viatu vimejaa matope ya ziwani, akamkuta mama yake ameshaogeshwa.

Akasimama mlangoni na ufunguo mkononi. Mama, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza kitandani miaka mingi sasa, amegeuzwa ubavu, mto katikati ya magoti, nywele zimechanwa. Shuka limekunjwa pembeni kwa mtindo wa wodini, mtindo ambao katika nyumba ile aliujua Sista peke yake. Ila mikunjo yote ilikuwa upande wa kushoto. Yeye hukunjia kulia.

Akaenda kugonga kwa jirani aliyemwachia mgonjwa.

"Asante sana kwa kumwogesha mama."

"Nimwogeshe mimi?" Jirani akacheka. "Si umerudi mwenyewe mchana! Nimekuacha unakamua kitambaa, hata salamu hukuitikia. Nikasema leo mwenzetu kaninunia."

Sista alitaka kubisha, lakini kubisha nako kunataka nguvu. "Nimechoka tu, dada," akasema, akarudi kwake.

Na kweli alikuwa amechoka, uchovu wa kwenye mifupa. Mchana anageuza wagonjwa wa watu hospitalini, jioni anamgeuza wa kwake. Usingizi wake ulikuwa wa kuibaiba, kama mtoto anayelamba sukari jikoni. Ndiyo maana siku hiyo rafiki zake wawili wa tangu utotoni walikuwa wamemtoa nyumbani kwenda ziwani, karibu kwa kumburuta: Kamera, anayepiga picha za harusi, na Cherehani, fundi wa nguo ambaye anajua kushona vifungo kila mahali isipokuwa mdomoni mwake.

Lile ziwa Kamera alikuwa analiota muda mrefu. Liko juu milimani, miamba imelizunguka, na asubuhi kabla upepo haujaamka maji yanatulia hadi huoni yanapoanzia. Mlima juu, mlima chini. Alisimika kamera yake kwenye miguu mitatu, akaitega ijipige yenyewe picha baada ya picha, akakimbia kujiunga na wenzake ukingoni.

"Msicheke, maji yatatikisika," alisema.

"Tangu lini maji yakatikiswa na meno?" Cherehani akajibu.

Sista alikuwa anajitazama kwenye maji. Yule wa chini alionekana kama mtu aliyelala vizuri. Sasa, wodini kwao muuguzi haondoki mpaka amkabidhi mwenzake wagonjwa kwa mdomo, na mwenzake aitikie kwamba amepokea. Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi, maneno yanatoka yenyewe. Basi kwa mzaha wa mtu aliyechoka, Sista akainama, akamwambia yule wa chini:

"Mgonjwa mmoja, mama yangu, kitanda cha dirishani. Hajaogeshwa, hajageuzwa. Nakukabidhi."

"Nimepokea."

Wakaangua kicheko wote watatu. Sista alidhani ni Cherehani aliyeitikia. Cherehani alidhani ni Kamera.

Tangu jioni ile kazi ya nyumbani ikawa inamkuta Sista imekwisha. Akitoka wodini anakuta uji umeshanywewa, nguo za mgonjwa zinaning'inia uani. Chumba kilinuka tope na jiwe la baridi, na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Mara nyingine alisikia nyuma ya mlango kitambaa kinakamuliwa, tiririri, na akiufungua hakuna mtu, ila maji ya kwenye beseni bado yanacheza.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha baadaye. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akasikiliza. Siku ya pili akavuta kiti. Siku iliyofuata alikula, akajilaza sebuleni, na kile kitambaa kikambembeleza mpaka akapitiwa. Awe jini, awe nani, alijiambia, angalau yupo anayemgeuza mama.

Na mama alichangamka. "Siku hizi mikono yako ya baridi, mwanangu," alisema, "lakini hainiumizi. Wala husonyi."

Kisha Kamera akaja, hana utani, bahasha kwapani.

"Kaa kwanza," alinong'ona.

Akapanga picha mezani. Kwenye ya kwanza, watu watatu ukingoni, watatu kwenye maji. Kwenye ya pili, Sista wa kwenye maji amegeuza mgongo. Kwenye ya tatu anatembea, mdogo, karibu na ule mlima wa chini. Kwenye ya mwisho, ukingoni watatu, kwenye maji wawili.

"Labda ni mwanga," Sista alisema.

"Mwanga una miguu?"

Chumbani mama akakohoa. Sista alikuwa amesikia vikohozi vya kila namna, lakini kile kilimwinua kitini. Akaweka sikio kifuani mwa mama yake, akasikia maji, yanapanda na kushuka kila mama anapovuta pumzi; akamshika mkono, akakuta ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa nzima; akagusa mto, ukatoa maji kama sifongo; na ndipo alipoelewa, yeye ambaye kazi yake ni kuelewa mambo haya mapema, kwamba wakati yeye anakoroma sebuleni, mama yake alikuwa anazama palepale kitandani.

Daktari wa wodini kwao alimtoa maji kifuani. Kesho yake yakarudi, na yalinuka ziwa.

Ikabidi Cherehani alete mganga, mtu mfupi mwenye begi la shule. Akafukiza chumba kizima mpaka mwenyewe akapiga chafya. Moshi ukatanda. Ndani ya moshi, bila haraka, kitambaa kikaendelea kukamuliwa.

Mganga akafunika chetezo. "Huyu simwezi."

"Heh! Na nauli tumekulipa?" Cherehani alisema, huku anarudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Jini aliyevunja mlango namfukuza. Huyu hakuvunja. Ameajiriwa." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani kampa kazi?"

Sista akainamisha kichwa, akaeleza.

"Basi aliyeitoa zamu aipokee. Ila atakurudishia vyote alivyokubebea."

"Nimechoka, mzee wangu."

"Najua, binti. Na yeye anajua."

Mchana uliofuata Sista aliwaweka rafiki zake nje, akajilaza sebuleni akiwa macho. Jua lilikuwa kali, watoto wa jirani wanapiga mpira uani, na katikati ya kelele zile za kawaida akasikia nyayo zilizolowa zinapita nyuma ya kichwa chake, chap, chap, zikaingia chumbani, akainuka akazifuata, akasukuma mlango, akajiona yeye mwenyewe ameinama kitandani na sare yake ya kazi, vifungo vimegeukia upande usio wake, kovu lake la pasi liko kwenye mkono wa kushoto badala ya kulia, anampaka mama yake maji kifuani taratibu, kwa upendo, kama mtu anayemlaza mtoto, na mama amefumba macho anatabasamu, midomo ya bluu.

"Nimekuja kupokea zamu," Sista alisema.

Yule mwingine hakugeuka. "Mgonjwa mmoja. Ameoga, amekula, amegeuzwa. Tangu nimempokea hajalia." Akakamua kitambaa. "Kwako alikuwa analia."

"Najua."

"Utamsonya tena."

"Nitamsonya. Nikabidhi."

Yule mwingine akageuka. Ulikuwa uso wake Sista, ule alioamka nao zamani, kabla ya ugonjwa wa mama, na aliutamani hata pale, hata kwa hofu ile.

"Nakukabidhi."

"Nimepokea."

Uchovu ukamwangukia kama gunia. Akashika chuma cha kitanda, na aliposhusha pumzi chumba kilikuwa kitupu na mama anatapika maji sakafuni, meusi, na jani moja la gugu la ziwani. Rafiki zake waliingia mbio. Walipomwinua mama, kifua chake kilikuwa kikavu.

Alipona kwa kiasi chake. Sista akarudia maisha yake: wodi, nyumba, usingizi wa kuibaiba. Asubuhi moja, amekesha kazini na hajakaa, akamgeuza mama kwa nguvu mno. Mama akalia. Sista akasonya.

Alipotoka kuchukua taulo na kurudi, alimkuta mama amejivuta mpaka ukingo wa kitanda, uso juu ya beseni, ananong'ona. "Binti yangu amechoka," alikuwa anayaambia maji. "Yupo kitanda cha sebuleni. Hajala, hajalala..."

Sista alilipiga teke beseni kabla neno la mwisho halijatoka.

Sasa humfuta mama yake kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakauka, na uji humpa mzito, wa kijiko. Mama humtazama kwa huruma, humuuliza nyumba hii imekosaje maji.

"Yamekatika, mama," Sista humjibu, na wote wawili wanasikiliza bomba la uani linavyodondoka.