Kwenye Barafu Hakuna Jasho

Kipimajasho kilifungwa mkononi kama saa, kikaonja ngozi ya mfanyakazi. Kikikuta jasho, kilihesabu kazi. Kikikosa, kilihesabu usingizi. Waliokibuni waliisifu akili yake mpaka ikatia kichefuchefu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia chumba cha barafu cha kiwanda cha samaki pale Mwanza, ambako Nyamizi alipanga minofu ya sangara, na ambako hata shetani hatokwi na jasho.

Kwa mujibu wa kifaa, basi, Nyamizi alikuwa amelala miaka yote aliyofanya kazi humo. Saa za ziada hakuandikiwa hata moja. Akafungua madai Baraza la Kazi, na wenzake, kwa kuogopa kufukuzwa, wakaanza kumkwepa.

"Sheria inatambua saa zilizothibitishwa na kifaa," alisema Rugemalira, meneja wa kiwanda, mbele ya Baraza, bila kumtazama Nyamizi. "Huyu mama anataka alipwe kwa kulala."

"We baba, usinichezee!" Nyamizi alifoka. "Nimelala wapi? Juu ya barafu?"

"Shika adabu mbele ya mheshimiwa."

"Ungeanza nayo wewe."

Mwamuzi, Bi. Sigalla, alivua miwani. "Meneja, kivae hicho kifaa. Twende kiwandani. Utapanga minofu mpaka nikwambie basi."

Akapanga. Alibeba makreti, akatetemeka, kamasi zikamtoka, akalaani kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Nyamizi alimtazama kwa furaha isiyofichika, na nani amlaumu? Alipotolewa, kipimajasho kilitamka kwa sauti tamu: "Umelala. Saa za kazi, sifuri."

"Nimefanya kazi!" Rugemalira alipiga kelele. "Mheshimiwa, si umeniona?"

"Nimekuona," alijibu Bi. Sigalla. "Karani, andika maneno yake."

Madai yakakubaliwa palepale. Kilichobaki ni Nyamizi kuweka kidole gumba kwenye kisomavidole cha Baraza alichokuja nacho karani, ili hukumu isajiliwe kwa jina lake. Akaweka. Kikakataa. Akafuta kidole kwenye kanga, akajaribu kingine, na kingine, mpaka vyote vikaisha. Barafu ilikuwa imekula alama zake. Ncha za vidole zilikuwa laini na nyeupe, kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha.

"Mtu huyu hayupo," kilisema kisomavidole.

Rugemalira, meno bado yakimgongana, alicheka.

Nyamizi alimwendea, akambandika vidole vyote kumi mashavuni. Meneja akaruka kwa baridi.

"Nipo," alisema Nyamizi. "Umenisikia? Nipo."