Shela Lililopungua Kiuno

Shela lilikuwa limepungua kiuno. Jana jioni Lyse alilipima mwenyewe, inchi ishirini na nane. Asubuhi hii futi ya kupimia ilisoma ishirini na tano.

Akapima tena. Ishirini na tano.

"Unapima mara ngapi, wewe?" Mama Leonia aliuliza kutoka mlangoni. "Huko kambini mlifundishwa kuhesabu kweli?"

Lyse aliikunja futi. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili aliyokaa hapa alikuwa amejifunza kutomjibu. Mama Leonia alikuwa mpambaji wa maharusi anayetajwa Kigoma nzima, na chumba chake cha kazi kilikuwa Kibirizi, hatua chache kutoka soko la dagaa. Yeye ndiye aliyeandika barua iliyomtoa Lyse kwenye kambi ya wakimbizi, na kila baada ya miezi mitatu ilibidi aandike nyingine, la sivyo kibali chake cha kukaa nje ya kambi kinakwisha na msichana anarudi kwenye hema.

Kambini Lyse alifundishwa na Mwalimu Spesiosa, Mrundi mwenzake, miaka miwili kamili. Si kushona tu. "Mtazame mtu kwanza," mwalimu alikuwa akisema. "Anavyosimama, anavyoona haya. Nguo utaichagua baadaye." Lyse alifika Kibirizi akidhani hiyo ndiyo kazi atakayoifanya. Akapewa pasi ya mkaa, kopo la pini, na matope ya kufua kwenye pindo za mashela. Wiki iliyopita alijikaza akashauri kwamba Esther, binti wa Mzee Gervasi wa Mwandiga, asivae mikono ya puto kwa kuwa mabega yake yalikuwa mapana. Mama Leonia alimcheka mbele ya mteja. Kesho yake akamwambia Esther maneno yaleyale, kama yake.

Sasa ilikuwa Jumatano, harusi ya Esther ni Jumamosi, na shela lake limepungua.

Lyse alikaa kulifumua. Mshono ule haukuwa wake. Ulikuwa mdogo kama nyayo za sisimizi, hauna fundo mwanzo wala mwisho, na uzi wake ulikuwa na unyevu. Alifumua mpaka vidole vikamuuma, akashona upya, akapima. Ishirini na nane. Alhamisi asubuhi, ishirini na nne.

"Jumamosi ikiharibika," Mama Leonia alisema taratibu, "barua yako siandiki tena."

Mchana huo Mama Leonia alikwenda kula, Lyse akabaki kulinda. Kibirizi hunuka dagaa tangu alfajiri, hata pua inaacha kuisikia harufu yake. Ghafla harufu ile ilikatika, kama mtu kafunga dirisha. Mahali pake ikaja ya asumini, nzito. Kisha kelele za wapagazi nazo zikakatika, na mkaa kwenye pasi, uliokuwa mwekundu bado, ukaacha kutoa joto, na Lyse akageuza shingo polepole kuelekea kwenye kigingi ambako shela lilitundikwa, akaona kitambaa cha kifua kikijaa, kisha tumbo, kisha nyonga, kana kwamba mtu alikuwa akiingia humo kutoka chini bila kuharakisha, na mikono iliyokuwa imelala ikainuka, ikapapasa ubavu, na sauti ya kike, yenye kero ya mteja aliyesubiri mno, ikasema:

"Hapa kwapani panabana."

Lyse alijikuta nje, miguu peku, katikati ya dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani.

Mama Leonia aliporudi alimvuta ndani na kumziba mdomo. "Shii! Wateja watasikia."

"Mama, kuna kitu. Kimezungumza."

"Najua."

"Unajua?"

"Wasichana wawili waliondoka kabla yako kwa sababu hiyohiyo. Wewe umedumu kuliko wenzako, nikafikiri kimekuzoea."

Lyse alimtazama. Wakati ule hakuhisi woga, bali hasira. Siku mbili alikuwa amefumua mishono ya jini huku akiitwa hajui kuhesabu.

Ijumaa Esther alikuja kujaribu. Mama Leonia alilazimisha zipu ipande. Ilipofika juu, msichana alivuta pumzi mara moja, kisha akawa anahema kwa shida. Macho yake yalipinduka. Kiuno cha shela kilianza kujibana chenyewe, mshono baada ya mshono, na kila walipojaribu kukata kitambaa mkasi uliteleza. Mtu alikimbilia Ujiji kumleta Bi Mwamini, mganga wa majini, mwanamke mfupi mwenye haraka, ambaye alifukiza ubani na kuuliza bila salamu:

"Wewe uliye humo, unataka nini? Mbuzi? Chano cha vyakula?"

Kinywa cha Esther kilifunguka. "Sina njaa. Nataka kuvalishwa."

"Si umevaa?"

"Huyu mama ananivalisha kama anavyowavalisha wote. Miaka sita naingia kwenye mashela yake na kujirekebishia mwenyewe. Yule msichana anajua kutazama. Anivalishe yeye, nitaondoka."

Wote waligeuka kumtazama Lyse. "Imana yanje, Mungu wangu," Lyse alinong'ona.

"Lyse, fanya unachoambiwa," Mama Leonia alisema.

"Tokeni wote, basi," Lyse alijibu. "Na wewe, mama."

Zipu ilifunguka yenyewe. Walimvua Esther shela, wakambeba nje akikohoa. Lyse alibaki na chumba kitupu kisicho kitupu, akafanya alichofundishwa: alitazama. Ilimchukua muda mrefu, na kadiri alivyotazama ndivyo hewa ile ilivyopata mabega membamba yaliyoinamia mbele, na shingo ndefu, na namna ya kusimama ya mtu ambaye hajawahi kuitwa mzuri. Aliliacha shela jeupe. Alichukua kitambaa chepesi cha kijivu kilichosahauliwa juu ya kabati, akakilaza juu ya bega lisiloonekana, na baridi ikampanda hadi kwenye kiwiko huku akibana pini moja baada ya nyingine kwenye mwili uliopumua chini ya vidole vyake, akiogopa kuchoma, akiogopa zaidi kukosea, mpaka jua likawa limevuka upande wa ziwa.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nani angeamini?

"Hivi," sauti ilisema kwa upole. "Hivi ndivyo."

Gauni la kijivu lilitoka mlangoni kwa miguu yake. Wanawake wa dagaa waliliona likishuka ufukweni bila mtu ndani. Wakasogea kulipisha njia. Liliingia majini bila kuelea.

Esther aliolewa Jumamosi, bila mikono ya puto, na watu wakamsifu Mama Leonia. Alizipokea sifa zote. Barua aliiandika, mistari miwili, na Jumatatu akamrudishia Lyse pasi.

Adhuhuri hiyo mama alikuwa chumba cha nyuma. Lyse alikuwa akinyoosha pindo mlango ulipobishwa polepole. Hapakuwa na kivuli kizingitini.

"Hodi. Dada yetu ametuelekeza kwako," sauti ilisema. Nyuma yake zilisikika nyingine, nyingi, zikisukumana. "Hatujawahi kuvalishwa."

Lyse aliiweka pasi chini. Safari hii hakukimbia.

"Lyse!" Mama Leonia aliita kutoka nyuma. "Unaongea na nani huko?"

"Wateja," Lyse alijibu. "Wangu."