Nilimwita Shemeji Yangu Mwizi Mlangoni mwa Kanisa

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa vilima vya Masisi. Zamani nilikuwa dereva, na gari lilikuwa langu mwenyewe. Leo natembea kwa miguu. Sina gari, sina mke nyumbani, na kuna jina moja ambalo watoto wangu hawalitaji nikiwa karibu... Nitawaeleza yote. Msinihurumie haraka, ngojeni kwanza mwisho.

Wakati huo niliishi Kibua, huku Walikale, na mke wangu Mama Neema na watoto wetu watatu. Nilikuwa na pikapu kuukuu iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Nilipakia maharage Masisi, nikapita Kashebere hadi Kibua, na mara nyingine nikateremka mpaka Hombo, nikirudi na mafuta ya mawese. Gari hilo ndilo lililotulisha. Ndilo pia lililonitia wazimu!

Ugonjwa wake ulikuwa demareri, kile kipande kinachoamsha injini ukizungusha ufunguo. Ilikuwa imekufa. Ilitengenezwa mara tatu, ikafa mara tatu. Kwa hiyo kila kijiji nilikuwa na mteremko wangu. Pale Kibua niliegesha juu ya kanisa letu, gari likitazama chini, jiwe kubwa mbele ya gurudumu. Asubuhi natoa jiwe, gari linateremka lenyewe, naachia klachi, linawaka. Penye tambarare, watu wanashuka na kusukuma.

Nilizoea hivyo kabisa. Ufunguo ukawa wa kufungulia umeme tu, na mwaka mzima sikujaribu tena kuamsha injini kwa ufunguo. Shikeni neno hilo, wasomaji wenzangu...

Fundi wangu alikuwa Safari, mdogo wake Mama Neema. Kijana mpole, mikono myeusi kwa oili hata siku ya harusi yake. Aliniita bofrere, yaani shemeji, nami nilimpenda, Mungu ni shahidi. Kila nilipolalamika, alinijibu vilevile: "Bofrere, moteri iko nguvu. Njo demareri tu iko inasumbua. Usiuzishe hii gari, nitatafuta ingine demareri."

Mama Neema alikuwa upande wa mdogo wake. Mimi nilikuwa sijui upande wangu. Leo nasema nitalitengeneza, kesho nasema nitalibadilisha. Jamani, mtu anaweza kuchoshwa na chuma kiasi hicho?

Kisha ikaja ile siku ya njia ya Masisi.

Nilikuwa na abiria tisa juu ya magunia. Kabla ya kufika Kashebere tukakuta bariere, kamba imefungwa barabarani, na wenye silaha wamekaa kando. Wakaniamuru nizime injini. Ningekataaje? Nikazima. Wakapekua, wakachukua walichotaka, wakasema nendeni. Lakini pale palikuwa tambarare... Nikawaambia abiria washuke wasukume.

Yule mkubwa wao akadhani nina hila. Akasema ninapoteza wakati ili nihesabu watu wake. Nilipofungua mdomo kueleza habari za demareri, kitako cha bunduki kilinifika mdomoni. Nilitema jino. Nikaanguka, wakanikanyaga mbavu. Abiria wangu walisukuma lile gari huku wakichapwa fimbo migongoni, hata yule mama mzee aliyekuwa anapeleka maharage kwa binti yake! Namsikia mpaka leo akilia, "Yesu wangu, Yesu wangu," na fimbo zikishuka.

Gari liliwaka. Niliendesha hadi Kibua damu ikinitiririka kifuani, na moyoni nilikuwa nimejaa sumu. Nani wa kulaumiwa? Wale wenye silaha sikuweza kuwafanya kitu. Basi hasira yangu ikatafuta mtu wa karibu.

Ndipo Papa Deo akaniingia kichwani.

Papa Deo alikuwa mfanyabiashara wa Hombo. Alikuwa na jeep ya buluu, inang'aa kama sahani mpya, na alitaka nimwachie pikapu yangu na kumwongezea kitu juu, halafu niondoke na hiyo jeep. Alipoona pengo mdomoni mwangu aliniketisha, akanipa bia, akanipa pole nyingi. Kisha akainamisha kichwa na kusema: "Weye iko unalala, ndugu yangu. Demareri gani inakufa mara tatu? Mekanisie wako njo anakula gari yako. Anatoa kipande kizuri, anatia kibovu. Tia rangi ku vipande vyako, utaona."

Sikumwuliza amejuaje! Nilikunywa maneno yake pamoja na bia yake.

Nilirudi Kibua, nikamwita Safari mbele ya majirani, nikamwambia asiguse gari langu tena. Alinitazama kama mtoto aliyepigwa bila kosa. Akauliza kwa nini. Nikamgeuzia mgongo. Mama Neema alilia usiku huo, akisema hiyo jeep ya Hombo haijui na haitaki, na kwamba mdogo wake hajawahi kuiba hata sindano. Nilimwambia anatetea damu yake.

Siku ya Jumamosi nilichukua rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka misalaba ya makaburi, nikatia alama kwenye betri, kwenye demareri, kwenye kila kipande nilichokifikia. Nilikuwa nimeahidi kwenda Hombo Jumatatu kubadilishana magari. Moyoni nilitaka nimkamate shemeji yangu kabla ya hapo. Ndiyo, nakiri, nilitaka! Nilitaka kuwa na haki.

Jumapili nilivaa kanzu ya korali, kwaya yetu ya kanisa. Mama Neema akasema kichwa kinamuuma, atabaki nyumbani. Nikaenda peke yangu na watoto. Ibada yetu ni ndefu, inakwenda mpaka jua linafika utosini, na sisi wanakorali hatutoki hata kidogo. Kila mtu Kibua anajua hilo.

Tuliimba vizuri siku ile. Mchungaji alihubiri juu ya msamaha... Msicheke. Ndivyo ilivyokuwa.

Tulipotoka mlangoni, watu wakisalimiana, niliinua macho kwenye mteremko. Nikamwona Safari anashuka kutoka kwenye gari langu. Alikuwa na gunia begani, zito, oili inachuruzika. Aliponiona alishtuka, kisha akatabasamu. Lile tabasamu nilifikiri ni la mtu aliyefumaniwa. Nilimkimbilia, nikalivuta gunia, likaanguka wazi.

Demareri. Na juu yake, alama yangu nyeupe!

Alisema, "Bofrere, ungoje... ungoje nikuambie..."

Sikungoja. Nilipiga kelele kwa sauti ileile niliyoimbia kanisani: "Mwizi! Mwizi wa vipande! Njo huyu!"

Ninyi mnaokaa huku kwetu mnajua neno hilo linafanya nini. Watu wamechoka kuibiwa. Wameibiwa mbuzi, wameibiwa mavuno, wameibiwa na watu wasioweza kuguswa, na siku wakimpata wa kumgusa, wanamlipisha yote. Niliinua ile demareri kwa mikono miwili, nikampiga nayo begani. Nilisikia mfupa. Alipiga magoti. Nikampiga tena mkono aliokuwa ameuinua kujikinga.

Baada ya hapo sikuwa na haja ya kupiga tena. Waumini wenzangu walinipita kama maji. Mwenye fimbo alikuja na fimbo, mwenye jiwe na jiwe. Mmoja alichomoa kuni kwenye jiko la mama muuza sambusa, ikiwa bado na moto. Nilimwona jirani yangu, mtu niliyeimba naye besi asubuhi hiyo, amevua kanzu yake na kuikunja vizuri pembeni ili isichafuke, kisha akarudi kupiga mateke. Mchungaji alipaza sauti, wakamsukuma akaanguka.

Na mimi? Nilisimama na demareri yangu mikononi, nikisema kwa wote wanaonisikia kwamba nilijua tu ni mwizi.

Mama Neema alikuja mbio kutoka nyumbani, mikono ina unga wa muhogo. Alipasua watu, akajilaza juu ya mdogo wake. Alipiga kelele lakini hakuna aliyesikia maneno, na jiwe moja lilimpasua paji la uso. Damu ya mke wangu ndiyo iliyowazindua watu. Wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, halafu wote kwa pamoja. Kufumba na kufumbua uwanja wa kanisa ukawa mtupu. Hakuna aliyetaka kuonekana pale.

Safari alikuwa hai. Uso wake haukujulikana tena, na mkono wake wa kulia ulikuwa umegeukia upande usiofaa, lakini alikuwa anapumua.

"Tumupeleke," mke wangu aliniambia. "Ulete gari."

Nilikuwa nimepigwa bumbuwazi. Nikasema maneno ya kijinga, ndugu zangu, maneno ambayo nitazikwa nayo. Nikasema tutampandisha chini hapa kwenye tambarare, lakini nani atasukuma likizima? Watu wote wamekimbia.

Mama Neema alinitazama, damu ikimwingia jichoni. Hakupaza sauti. Alisema: "Washa na ufunguo, Papa Neema."

"Ufunguo gani? Si demareri njo hii hapa?"

"Washa na ufunguo."

Nilipanda mteremko huku kanzu ya korali ikinikwaza. Niliingia garini. Nikazungusha ufunguo.

Injini iliwaka! Mara moja, bila kukohoa, bila kusukumwa, kama gari lililotoka dukani jana...

Mungu wangu! Mungu wangu! Nilielewa yote nikiwa nimekaa pale, mkono kwenye ufunguo. Gunia lilikuwa na demareri yangu iliyokufa. Mpya ilikuwa imefungwa mahali pake. Nilipiga kichwa changu kwenye usukani mpaka Mama Neema akaniita.

Alinieleza njiani. Safari aliipata hiyo mpya kwa dereva wa lori la njia ya Kisangani, aliyempa kwa kazi aliyomfanyia. Kwa kuwa nilikuwa nimemkataza kugusa gari, yeye na mdogo wake walipanga afunge kipande hicho wakati wa ibada, maana ndio muda pekee nisioweza kutoka. Mama Neema hakuumwa kichwa. Alikuwa anapika kuku. Walitaka nirudi nyumbani nile, kisha Safari aniambie nijaribu ufunguo. Walitaka kuniokoa na ile jeep ya Hombo.

Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, kichwa mapajani mwa dada yake. Muuguzi wa Kibua alifunga majeraha na kusema anavuja damu ndani, tumkimbize hospitali ya Walikale. Niliendesha kwenye yale matope kama mwendawazimu. Gari lililonizimikia kila mahali, siku hiyo halikuzima hata mara moja.

Safari alifungua jicho moja. Akasikiliza mlio wa injini, kama alivyozoea, kichwa kikiwa upande. Akaniuliza kwa shida:

"Bofrere... iko inawaka muzuri?"

Nilijibu ndiyo. Kabla hatujafika Walikale nilisikia Mama Neema ameanza kuimba taratibu wimbo wa kuaga wafu wa kwao, nikajua.

Tuliurudisha mwili wake Kibua kwa gari lilelile, kisha nilijipeleka mwenyewe kwa polisi. Nilipoulizwa ni nani wengine waliopiga, niliwataja, na kila mmoja alisema siku hiyo hakwenda kanisani. Nilikaa gerezani. Ndugu zake Safari waliteremka kutoka Masisi, wakalisukuma gari langu hadi uwanja wa kanisa, wakalitia moto na demareri yake mpya ndani. Hakuna aliyewazuia, na mimi ningekuwepo nisingewazuia. Je, nilitengeneze au nilibadilishe? Swali lililoninyima usingizi mwaka mzima liliishia hapo, majivu na mabati.

Na ile jeep ya buluu? Mtu mwingine wa Hombo aliichukua, na haikumaliza mwezi, kumbe injini ilikuwa imepasuka na kuzibwa kwa gundi. Nilipotoka gerezani nilimfuata Papa Deo. Alinishangaa. Akasema yeye alitoa shauri tu, hakumjua hata shemeji yangu kwa sura.

Nilitembea siku tatu hadi Masisi kumwomba msamaha Mama Neema, aliyekuwa amerudi kwao. Nilimkuta shambani anapalilia maharage, kovu kwenye paji la uso. Nilipiga magoti kwenye udongo. Nililia, nikasema yote. Aliniacha nimalize, kisha akasema:

"Gari ulikuwa unaiuliza kila siku iko na nini. Ndugu yangu haukumuuliza hata mara moja."

Akaendelea kupalilia.

Ndugu zangu, nawasihi kama mtu aliyekwisha kupotea. Likiwapo neno hilo moja mdomoni mwenu, lile la kuitia watu, limezeni! Mngoje mtu aeleze, hata kama ameshika mali yenu mikononi, hata kama mmeiona alama yenu kwa macho yenu. Mimi nilikuwa na alama, nilikuwa na gunia, nilikuwa na mashahidi wa kanisa zima. Aliniomba ningoje kidogo tu, na mimi nikakataa.

Ufunguo ninao mpaka leo. Nilijaribu kumwachia Mama Neema siku ile shambani, hakuupokea.